Burudani ya treni ianzie TAZARA

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, kila yanapozuka mazungumzo ya huduma za ndani ya behewa nasikia madai yale yale: iwekwe Wi-Fi, ziongezwe skrini, tupewe filamu kama kwenye ndege. Madai hayo nayaunga mkono. Ninachopinga ni pale tunapotaka kuanzia.

Treni hiyo ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Abiria wa Dodoma akipanda asubuhi, akasinzia kidogo baada ya Morogoro, akashtuliwa na giza la mahandaki ya Kilosa, kilichobaki si kingi. Safari nzima ni saa 4 hivi. Sasa mfikirie mwenzake anayepandia stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pale makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Huyu akienda Mbeya analala njiani. Akiwa anakwenda mwisho wa reli, New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ana kilomita 1,860 mbele yake, na hapo anahesabu siku mbili kama hakuna kilichoharibika. Vivyo hivyo kwa anayesafiri na reli ya kati ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hawa ndio wenye saa nyingi za kukaa bila la kufanya, na ndio tunaowataja mwisho, kwa sababu treni yao haipendezi kwenye picha.

Burudani ya safarini tumeizoea kwenye mabasi, na nahofia tutaihamishia kwenye treni ilivyo. Basi likitoka kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, halijafika Kibaha filamu imeshawekwa. Mara nyingi ni ya mapigano, imetafsiriwa na dijei anayepiga kelele kuliko waigizaji wenyewe. Mama mwenye mtoto mchanga amepangiwa kiti chini ya spika. Anamfunika mtoto kichwa kwa kanga, anamwomba konda apunguze sauti, konda anapunguza. Dakika kumi baadaye mtu wa viti vya nyuma analalamika kwamba hasikii, sauti inarudi pale pale. Anayeshuka Msamvu, Morogoro, anashuka filamu ikiwa katikati. Abiria hamsini wanalazimishwa kuangalia chaguo la mtu mmoja mwenye rimoti, na asiyetaka hana pa kwenda. Kwa saa sita watu huvumilia. Kwa siku mbili, kwenye chumba cha vitanda sita cha daraja la pili, itakuwa adhabu.

Kwa hiyo skrini ya pamoja siitaki. Skrini ya kila kiti nayo siitaki, na hapa India wametusaidia kujifunza bila sisi kulipa. Mei 2017 walizindua treni ya Tejas Express kati ya Mumbai na Goa, kila abiria akiwa na skrini yake mgongoni mwa kiti cha mbele. Safari ya kwanza tu, hedifoni kadhaa zilishuka na abiria na baadhi ya skrini zikakutwa zimeharibiwa. Baadaye shirika lao la reli likaamua kuziondoa. Wengi walikimbilia kusema abiria hawana ustaarabu. Mimi naona kosa lilianzia kwenye usanifu wenyewe. Behewa hudumu miaka 30 na zaidi, skrini hupitwa na wakati ndani ya miaka mitano. Ukiifunga skrini kwenye kiti umejifunga kuitengeneza, kuifuta vumbi, kutafuta vipuri vyake ambavyo kiwanda kimeacha kuvitoa, na kuilinda dhidi ya kila mkono unaopita. Hayo yote wakati abiria amekuja na skrini yake mfukoni, ameinunua mwenyewe na anaitunza kama mboni ya jicho.

Kinachotakiwa ni seva. Ni kompyuta ndogo iliyofungwa mahali pa usalama ndani ya treni, yenye diski iliyojaa filamu, muziki, simulizi, vitabu vya kusikiliza na katuni za watoto, pamoja na vifaa vya Wi-Fi vya kuvirusha ndani ya mabehewa. Abiria anaunganisha simu yake, ukurasa unafunguka, anachagua anachotaka. Hakuna bando linalotumika, kwa sababu filamu haitoki kwenye intaneti. Inatoka behewa la jirani. Treni ikirudi karakana Dar es Salaam, fundi anaongeza mapya na kutoa yaliyochosha. Ujerumani walipoanza kutoa Wi-Fi ya bure hadi daraja la pili kwenye treni zao za mwendo kasi za ICE, mwaka 2017, hawakutegemea intaneti peke yake. Filamu ziliwekwa kwenye seva ndani ya treni. Kama nchi yenye minara mingi kiasi kile iliona haja ya kubeba filamu zake ndani ya treni, sisi tunaokatiza Hifadhi ya Nyerere tuna sababu zaidi.

Wanaodai Wi-Fi ya intaneti tu wakumbuke jinsi treni inavyoutesa mtandao. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa treni inapita mita 44 kila sekunde, na simu mamia zilizomo zinahama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine kwa wakati mmoja. Bati la behewa na vioo vilivyopakwa dawa ya kuzuia joto hupunguza mawimbi. Kwenye handaki hakuna kitu. Upande wa TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako, reli inapanda milima kwa madaraja na mahandaki yaliyofuatana. Hata mawimbi yakipatikana, ule uzi mmoja wa intaneti utagawanywa kwa watu mamia kadhaa, kila mmoja akitaka video. Tutakuwa tumeahidi Wi-Fi na kugawa hasira.

Seva haina tatizo hilo, na hesabu yake inafurahisha. Diski ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, inaenea kwenye kiganja. Filamu ya saa moja na nusu, kwa ubora unaoitosha skrini ya simu, huchukua kama gigabaiti 1. Weka filamu 500, nusu ya diski bado iko wazi. Sauti ni nyepesi zaidi: saa nzima ya mazungumzo, ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 29 hivi. Ile nusu iliyobaki inabeba saa 17,000 za sauti, karibu miaka miwili ya kusikiliza usiku na mchana. Diski iwe ya aina isiyo na sahani inayozunguka, maana mtikisiko na vumbi la njia ya Bahi vitaiua ile ya kawaida mapema.

Nimeitaja sauti kwa makusudi, kwa sababu ndipo naona utajiri wenyewe ulipo. Filamu inakula chaji na macho. Usiku ndani ya behewa lenye taa hafifu, abiria amelala kitanda cha juu, simu ina asilimia 30 na chumbani hakuna pa kuchomeka chaja. Anachoweza kufanya ni kuzima skrini na kusikiliza. Watu wetu ni wasikilizaji wa kale. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilianza kurusha mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, makusudi, ili watafiti walinganishe, na waliona matumizi ya uzazi wa mpango yakipanda kule ulikosikika. Huo ulikuwa mchezo wa sauti tupu, na watu walipanga jioni zao kuufuata.

Na nani asiyejua kwamba reli zetu zinapita katikati ya historia ya muziki wetu? Morogoro peke yake ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki 1965, na Morogoro Jazz iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Mji mmoja, bendi mbili za aina hiyo. Ukifika Dodoma uko kwenye nchi ya Wagogo, alikotoka Hukwe Zawose, aliyepeleka ala za ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya hadi kifo chake mwaka 2003. Endelea na reli ya kati hadi Tabora: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Kijana wa leo anapita miji hii yote akiwa na hedifoni masikioni, anasikiliza singeli, na singeli haina ubaya wowote, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mji anaoupita umewahi kuimba nini. Seva yenye GPS inajua treni iko wapi bila kuhitaji intaneti. Treni ikikaribia Morogoro, ukurasa wa abiria uoneshe Mbaraka. Ikiingia Dodoma, Zawose. Asiyetaka aruke, aendelee na filamu yake.

Sehemu kubwa ya muziki huo ilirekodiwa studio za RTD, kwa sababu ndizo zilizokuwepo, na kanda zake zimerithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa, lililo kwenye barabara hiyo hiyo ya Nyerere iliyo na kituo cha TAZARA. Hazina iko upande huu wa barabara, wasikilizaji wenye siku mbili za nafasi wanapandia upande ule. Sioni kwa nini wasikutanishwe.

TAZARA yenyewe ina hadithi inayohitaji kuwahiwa. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo wa China, na mikono ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, hapa Dar es Salaam. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati daraja fulani linajengwa bondeni Kilombero leo ana zaidi ya 70. Apewe kinasa sauti mtu mmoja mwenye subira, azunguke Ifakara, Mlimba, Makambako, awaulize wazee hao walikula nini, walilala wapi, walielewana vipi na fundi asiyejua Kiswahili. Kisha sauti zao ziwekwe kwenye treni inayopita juu ya kazi yao. Filamu ya Marekani ataipata abiria popote. Hii hataipata kwingine. Na kwa kuwa treni ni ya nchi mbili, Zambia nao waweke chao, kwa Kibemba na Kinyanja, pamoja na ile Zamrock, roki ya Zambia, ya miaka ya 1970 ambayo vijana wetu wengi hawajawahi kuisikia.

Watoto wasisahaulike. Mzazi mwenye watoto wawili kwenye safari ya siku nzima anajua ninachosema. Dar es Salaam inatengeneza katuni za Kiswahili zinazofundisha hesabu na sayansi tangu 2014, na watoto wanazipenda. Ziingie.

Hapa ndipo suala la malipo linapokuja, na sitaki lipitwe juu juu. Kwenye basi filamu na nyimbo huchezwa kutoka kwenye flashi iliyojazwa dukani kwa bei ya soda, msanii hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake; maana yake kazi alizotunga Mbaraka bado zina wenyewe, hata kama miaka imepita. Kwa miaka mingi COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, ndiyo iliyokuwa na kazi ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya msanii kazi yake inapotumika, lakini siku zote imekuwa vigumu kujua basi gani limepiga wimbo gani. Seva inaondoa ugumu huo. Inaandika kila kilichofunguliwa na kwa dakika ngapi. Mwisho wa mwezi shirika la reli linatoa orodha, na aliyesikilizwa sana analipwa zaidi. Hakuna haja ya kukisia, hakuna haja ya kujuana na mtu. Kwa msanii wa Bongo Muvi ambaye kazi yake ilimalizwa na wizi wa CD, hiyo inaweza kuwa njia yake mpya ya kipato, ndogo lakini ya wazi.

Pesa zitoke wapi? Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Shilingi 500 ndani ya nauli hiyo ni chini ya asilimia 2, na kwa abiria wengi wa SGR itatosha kulipia maktaba ya kazi za Kiswahili. TRC, shirika la reli linaloendesha SGR, na TAZARA ni mashirika mawili tofauti, lakini hakuna kinachozuia maktaba moja ihudumie reli zote mbili, kila upande ukilipa kadiri abiria wake walivyosikiliza. Ndiyo maana nasema burudani ianzie TAZARA bila kuinyima SGR chochote: wa treni ya haraka, walio wengi, wabebe gharama kubwa ya kuandaa, wa safari ndefu wafaidi kwa saa nyingi. Na reli mpya ikifika Mwanza, kilomita 1,219 kutoka Dar es Salaam, SGR nayo itakuwa safari ya kutwa, na maktaba itakuwa tayari.

Matangazo ya biashara yanaweza kusaidia: nyumba za wageni za Mbeya, mashamba ya mpunga ya Ifakara, bajaji za Dodoma. Kampuni za kubeti zikataliwe kabisa. Mtu aliyefungiwa ndani ya behewa kwa siku mbili, mwenye simu mkononi na salio la M-Pesa, ni windo rahisi mno, na shirika la umma halina haki ya kumpeleka mtegoni. Ukurasa huo pia usidai jina, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa kabla mtu hajasikiliza wimbo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya tiketi inatosha.

Kuna jambo moja la intaneti ambalo ningelikubali tangu siku ya kwanza. Simba na Yanga wanacheza Uwanja wa Mkapa saa kumi na moja jioni, na treni iko porini. Aliyewahi kuona behewa zima likimzunguka mtu mmoja ambaye simu yake imeshika mtandao kwa sekunde ishirini anajua kwamba hiyo ndiyo habari pekee inayosubiriwa. Video haitawezekana. Lakini matokeo kwa maandishi, dakika kwa dakika, ni kilobaiti chache tu. Laini moja kwenye seva, yenye antena juu ya paa la behewa, inaweza kuyadaka kila mawimbi yanapopatikana na kuwagawia wote kwa mara moja. Njia hiyo hiyo ibebe habari za treni yenyewe: tuko wapi, stesheni ijayo ni ipi, tumechelewa kiasi gani na kwa nini. Abiria aliyekwama Kidatu usiku bila kuambiwa chochote anateseka mara mbili, na kumwambia ukweli kunagharimu sentensi moja.

Najua jibu linalonisubiri: kwanza treni ifike kwa wakati, vyoo viwe na maji, ndipo tuzungumze filamu. Naliheshimu jibu hilo, na kama ingekuwa lazima kuchagua kati ya maji na muziki ningechagua maji. Ila fedha hizi si za kiwango kimoja. Kukarabati njia, injini na mabehewa ni kazi ya mamilioni ya dola. Seva na vifaa vya Wi-Fi kwa treni nzima ni gharama ya ofisi ya kawaida inayonunua kompyuta. Kuna pia wanaohofia kwamba simu zitaua mazungumzo, yale ya kugawana karanga na mtu usiyemjua na kushuka mkiwa ndugu. Hofu hiyo naielewa, lakini simu zimeshaingia humo zamani, na leo zinachezwa kwa sauti ya juu chumba kizima. Mwenye hedifoni walau anawaachia wengine nafasi ya kuzungumza.

Wakati wa kuamua ni sasa. Septemba 2024 mjini Beijing, mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China, yalisainiwa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Mabehewa ya abiria yatakarabatiwa au kuagizwa mapya, na fundi wa umeme hupitisha nyaya mara moja, behewa likiwa wazi. Kwenye mabehewa ya zamani utakuta simu sita zimechomekwa kwenye waya mmoja karibu na behewa la chakula, kila mwenye simu amesimama hapo kulinda yake kwa saa nzima. Mkataba wa ukarabati utaje soketi kwa kila kitanda na kila kiti, mrija wa kupitisha nyaya za Wi-Fi kutoka behewa hadi behewa, na kabati dogo lenye kufuli na hewa ya kutosha kwa ajili ya seva. Yasipoandikwa humo yatakuja kuongezwa baadaye kwa misumari na gundi, kwa bei mara tatu.

Wakati nyaya zinasubiriwa, majaribio yanaweza kufanywa kwa treni moja ya Dar hadi Mbeya: seva inayotumia betri, vifaa vya Wi-Fi kwenye mabehewa matatu, saa mia chache za kanda za TBC zilizoombewa kibali kwa wenye hakimiliki, na mhudumu mmoja aliyefundishwa kuizima na kuiwasha. Baada ya miezi mitatu tuangalie abiria walisikiliza nini hadi mwisho, wapi waliacha, na saa ngapi za usiku walikuwa bado macho.